Uliza Mwalimu: Jela ya Kapenguria na wilaya iliyofungwa nayo

Toleo lililopita, kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, niliandika ukurasa mmoja kuhusu Makumbusho ya Kapenguria, kule kaunti ya Pokot Magharibi. Nilidhani nimemaliza. Barua zilizokuja zimeniumbua, kwa hiyo mwezi huu maswali ya Vasco da Gama na ya mitihani yatangoja. Leo ni Kapenguria tu.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa Gredi ya 7 alipelekwa na shule yao Kapenguria. Amerudi anasema ameiona korti alimohukumiwa Mzee Kenyatta. Baba yake anasema ile ni jela, korti ilikuwa kwingine. Wamebishana mpaka ugali ukapoa. Nani mkweli? Na kwa nini kesi kubwa namna ile isisikilizwe Nairobi? – Mzazi, Kitale

Marahaba, mama. Baba mtoto ameshinda, lakini mwambie asijigambe sana, maana hata watu wazima wengi hutoka pale na kosa hilo hilo la mtoto. Jengo mnaloliona ni jela. Zile seli ndizo walimolala Kenyatta na wenzake watano kesi ikiendelea. Mwaka 1993 likafunguliwa kuwa makumbusho, na ndani yake mna maktaba ya kuwakumbuka waliopigania uhuru, pamoja na vyumba vya picha na vifaa vya Wapokot na Wacherangany.

Kesi yenyewe ilisikilizwa darasani, katika shule ya kilimo iliyokuwa hapo hapo Kapenguria. Mimi niliyeshika chaki miaka thelathini na mitatu, jambo hili hunichoma kuliko zile seli. Jela imejengwa kufungia watu, huwezi kuilaumu. Darasa lilikuwa na wanafunzi wake. Wakaondolewa, akaletwa hakimu.

Sasa swali lako la pili. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari, na kabla hakujapambazuka wakuu wa chama cha KAU (Kenya African Union) walikuwa wamekwisha kutiwa mbaroni. Kesi ingefanyika Nairobi au Kiambu, watu wangejaa barabarani kila siku. Serikali ikatafuta mahali ambapo hapatajaa mtu. Kapenguria hapakuwa na reli wala hoteli, na zaidi ya hayo wilaya yenyewe ilikuwa imefungwa kisheria: mgeni haingii bila kibali cha serikali. Yaani mlango ulikuwa umekwisha kutiwa kufuli miaka mingi kabla. Kilichobaki ni kuwaleta washtakiwa.

Palikuwa na kizuizi kimoja. Sheria ilitaka mtu ashtakiwe mahali alipotenda kosa au mahali alipokamatwa, na hakuna kati ya hao sita aliyekuwa amefanya lolote Kapenguria. Ikafanywa hila: wakaachiliwa kwa jina tu, wakakamatwa upya papo hapo Kapenguria. Tayari, mahali pa kukamatwa pakapatikana! Nilipokuwa nikifundisha habari hii, darasa zima lilikuwa likicheka hapa, nami nilikuwa nikiwaacha wacheke kidogo kabla ya kuendelea.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa kesi hii moja. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu wameandika kwamba alilipwa pauni 20,000 nje ya mshahara. Kiongozi wa mashtaka alikuwa Anthony Somerhough. Upande wa utetezi aliongoza D. N. Pritt kutoka London, na pembeni yake walikuwapo Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nijeria, Diwan Chaman Lall wa India, na mawakili wa hapa kwetu Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh. Fikiria kundi hilo, mama, likipita mjini kwenu. Maana walilala Kitale, na kila asubuhi wakaenda Kapenguria na kurudi jioni, kama kilomita 40 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, katika barabara ya vumbi. Hoteli ilikuwa ya Wazungu, hivyo wale weusi na Wahindi walikaribishwa majumbani kwa familia za Kihindi. Ukimpata mzee wa Kihindi wa siku nyingi hapo Kitale, muulize. Nyumba gani zilipokea wageni hao ni swali zuri kwa mradi wa mwanao, na hatalipata jibu lake makumbusho.

Kesi ilianza tarehe 3 Desemba 1952. Hukumu ikatolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu, kwa madai ya kuongoza Mau Mau. Shahidi mkubwa, Rawson Macharia, alisema alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mwaka 1958 mtu huyo huyo akaapa kwa maandishi kwamba alisema uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Wakati huo wafungwa walikuwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, wamebakiza miezi tu kumaliza kifungo.

Mwalimu, hivi walikuwa sita kweli? Babu alikuwa akisema walikamatwa wengi zaidi. Na ni nani wa mwisho kufariki? – Msomaji, Nyeri

Babu alikuwa sahihi. Usiku ule walikamatwa watu zaidi ya mia moja. Sita ni wale waliopandishwa kizimbani pamoja: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Wa mwisho kututoka ni Oneko, mwaka 2007. Karumba ndiye asiyejulikana kaburi lake: alikwenda Uganda kwa biashara miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, hakuonekana tena.

Mwalimu, kila Oktoba mnaandika Kapenguria kana kwamba ni mji wa watu sita waliokuja na kuondoka. Sisi wenyeji tulikuwa wapi? Babu yangu alikataa mpaka kufa kuitwa "Msuk". Hilo hukuliandika. – Kijana wa Chepareria

Umenishika pabaya, kijana wangu, na sina pa kukimbilia. Nilifundisha upande wa Ortum kuanzia 1989, nimekula kwenu na kulala kwenu, kisha nikaandika ukurasa mzima wa Kapenguria bila kulitaja neno Pokot zaidi ya mara moja. Nitajaribu kulipa deni.

"Suk" ni jina mlilobandikwa na wageni. Serikali ikaliandika kwenye ramani, wilaya ikaitwa West Suk, na kila karatasi ya ofisi ikalirudia. Wenyewe mlijiita Pokot siku zote. Babu yako hakuwa mkaidi. Alikuwa anasahihisha karani.

Boma la kwanza la serikali halikuwa Kapenguria bali Kacheliba, kule bondeni karibu na Mto Suam, kwenye joto. Mwaka 1930 ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya, ikahamishiwa Kapenguria, juu, kwenye baridi na hewa ya Cherangani. Wakati huo nyanda za Trans-Nzoia, ambako Wapokot walikuwa wakilisha ng'ombe, zilikuwa zimekwisha kugawiwa masetla, na mpaka wa wilaya ukawa ndio mpaka wa mifugo. Upande wa magharibi nako eneo la Wapokot liitwalo Karasuk likawekwa chini ya utawala wa Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Halikurudi mikononi mwa Kenya mpaka 1970. Mtu aliyezaliwa huko kabla ya vita vikuu vya pili alikuwa na mjukuu ndipo DC wa Kenya alipompigia hodi.

Halafu sheria za kufunga wilaya. Ya kwanza ilitungwa 1902, nyingine ikaongezwa 1934. Kwa kawaida tunazieleza kwa upande wa mgeni: mwandishi wa habari hakuweza kufika, mwanasiasa hakuweza kufika. Lakini mlango una pande mbili. Mwenyeji naye aliulizwa anakwenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Mwaka 1994 nilileta kidato cha pili kwenye makumbusho, mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa. Nikawa nimesimama mlangoni mwa seli nikieleza kwa mbwembwe habari za kibali cha kuingia wilayani. Mvulana mmoja, mkimya, asiyeinua mkono darasani, akauliza: "Mwalimu, na sisi tulipotaka kutoka, tuliomba kwa nani?" Nilisema tutaliangalia swali hilo tukirudi shuleni. Walimu wenzangu mnaijua maana ya jibu hilo.

Basi miaka miwili na nusu kabla ya Kenyatta kuletwa Kapenguria, Wapokot walikuwa wamekwisha kuuawa kwa ajili ya imani na uhuru wao. Lukas Pkech alieneza upande wa Pokot ile Dini ya Msambwa iliyoanzishwa Bungoma na Elijah Masinde, dini iliyosema Mzungu ataondoka. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa, ambako leo ni kaunti ya Baringo, wafuasi wake walikutana na kikosi cha serikali. Pkech aliuawa. Kwa jumla walikufa Wapokot 29, maofisa Wazungu watatu na askari mmoja Mwafrika. Baadaye wengine wakanyongwa. Kila mtoto wa Kenya anaweza kukutajia wale sita wa Kapenguria, na wengine huwataja kwa wimbo. Kolloa nimeiuliza katika madarasa ya miji mitatu tofauti na sikupata mkono hata mmoja.

Nadhani – na hili ni langu, mtu asimlaumu mhariri – kwamba Kolloa ni sehemu ya sababu ya kufuli lile kukazwa. Serikali iliyokuwa imepigwa mishale mwaka 1950 haikuwa na haraka ya kuifungua wilaya mwaka 1952.

Uhuru ulipokuja, kufuli halikuondoka siku hiyo. Serikali ya Amin ilipoanguka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto, ng'ambo ya mpaka kule Uganda, iliporwa, bunduki zikasambaa pande zote za mpaka, na wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Mwaka 1984 likaja jeshi kusaka silaha, na helikopta zake. Wazee wenu huita msako ule Lotiriri. Ng'ombe walikusanywa na kuzuiliwa mpaka wakafa njaa. Nilipofika Ortum miaka mitano baadaye, watu bado walikuwa wakihesabu umri wa watoto kwa kusema huyu kabla ya Lotiriri, huyu baada yake. Na zile sheria za wilaya zilizofungwa? Zilifutwa 1997. Linganisha na mwaka wa makumbusho. Jela ya Kapenguria ilifunguliwa kwa umma 1993, wilaya iliyoizunguka ikabaki kwenye kitabu cha sheria miaka minne zaidi.

Kwa hiyo ukienda tena pale, usiishie kwenye seli. Ingia vyumba vya Pokot na Cherangany, ambavyo wageni wengi huvipita mbio kama watu wanaotafuta choo. Vile vibuyu vya maziwa na vigoda vya wazee havikuwekwa pale kama mapambo ya kesi ya Kenyatta. Wazee waliovikalia ndio waliokata mashauri ya nchi ile kwenye kokwo, baraza la wazee chini ya mti, kabla ya Thacker kuzaliwa. Nao hawakuhitaji kumkamata mtu mara mbili ili wapate mahali pa kumshtaki.

Nataka kuleta familia Jumamosi moja kutoka Nairobi. Tufike vipi, na kuna nini zaidi ya jela? – Baba Watatu, Kasarani

Jumamosi moja haitoshi, baba, lala Kitale. Kutoka hapo panda matatu ya Makutano. Makutano ndio mji wenye kelele, soko na benki, uko barabara kuu ya kwenda Lodwar. Kapenguria yenyewe iko pembeni, kilomita chache, imetulia na miti yake. Boda boda itakufikisha. Beba sweta. Watu husikia "Pokot" wakafikiria jangwa, wakafika wakitetemeka.

Omba maziwa ya kibuyu yaliyotiwa majivu ya mti uitwao cromwo. Rangi yake ni ya kijivu, na watoto watakunja nyuso. Wape tu. Harufu yake ya moshi nikiikumbuka natamani kurudi kazini.

Mkiwa na gari, teremkeni Kamatira kuelekea Chepareria na Marich. Kamatira mteremke polepole, gia ndogo: mlima ule umekula malori mengi, nasi mwaka ule wa 1994 gari tulilokodi lilituzimikia pale na kidato cha pili kikatembea kilichobaki kikiimba. Chepareria angalieni zile boma za mimea zilizozungushiwa mashamba. Nchi ile ilikuwa kipara chekundu. Tangu 1987 watu walianza kuzungushia ua sehemu za malisho na kuzipumzisha, nyasi zikarudi. Mkifika Marich mtaiona milima ikifunguka na joto likiwapokea kama mlango wa tanuri. Mbele zaidi kuna bwawa la Turkwel, ukuta wa mita 153, ila hilo ni safari ya siku nyingine. Na waambie watoto kwamba Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, ni binti wa kaunti hii.

Mwalimu, kwa heshima zote, umekosea. Uliandika kwamba wakati wa kesi Kapenguria ilikuwa Jimbo la Kaskazini. Ilikuwa Bonde la Ufa. Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka mingi na mambo ya mipaka hayanipiti. – Mstaafu mwenzako, Eldoret

Ni kweli, mzee mwenzangu, na nimeona haya. Nimerudi kwenye daftari langu: niliandika "Kaskazini" kwa kuwa ndivyo nilivyoona katika habari za uteuzi wa Thacker, nikanakili bila kufikiri.

Lakini wewe uliyekuwa karani utaifurahia sehemu inayofuata, maana kosa langu lina ukoo mkubwa. Serikali ilipomteua Thacker ilimpa mamlaka ya hakimu wa Jimbo la Kaskazini, kisha ikamkalisha Kapenguria, ambayo ilikuwa Bonde la Ufa. Ilijua namna ya kuifunga wilaya. Iko jimbo gani haikujua! Mawakili wa utetezi walilishika hilo kwenye rufaa, na katikati ya mwaka 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ikakubali: Thacker hakuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi pale, kesi ianze upya. Miezi yote ile ya ushahidi, safari za kila siku kutoka Kitale, pauni 20,000, yote yakaning'inia kwenye mstari mmoja wa ramani.

Haikudumu. Serikali ilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, uamuzi ukapinduliwa, na hukumu ya Kapenguria ikasimama. Mapema 1954 rufaa zikasikilizwa kwa hoja nyingine, na ni Oneko peke yake aliyefutiwa hatia. Akafutiwa karatasini, kisha akawekwa kizuizini hivyo hivyo kwa amri ya hali ya hatari. Baraza la Malkia huko London lilikataa hata kuwasikiliza waliobaki.

Mhariri, tafadhali weka masahihisho kwenye toleo hili, kwa herufi zinazosomeka: katika makala yangu iliyopita, "Jimbo la Kaskazini" lisomeke "Jimbo la Bonde la Ufa". Na pale nilipoandika "wakazi wa eneo hilo", pasomeke "Wapokot".